Abee ya Jalila

Mwanatabu alikuwa na mtoto mmoja tu, na mtoto huyo alikuwa na kosa moja tu: akiitwa, aliitika.

Utauliza, hilo nalo ni kosa? Pale Shika Adabu, huku Likoni, lilikuwa sifa, tena sifa ya kuonewa gere. Watoto wa wenzake waliitwa mpaka mama mtu akakauka koo, ndipo mmoja akatoa kichwa dirishani na kuuliza "Nini?" kama mtu aliyeamshwa na polisi. Jalila hakuwa hivyo. Ukimwita mara moja, awe kisimani, awe shambani, awe juu ya mkorosho, ungesikia sauti yake ikija nyembamba na safi, "Abee, mama!" Kisha mwenyewe angetokea nyuma ya sauti hiyo, anajipangusa mikono.

Wala hakufunzwa kwa fimbo. Mumewe Mwanatabu alipofariki, Jalila alikuwa bado na meno ya utotoni, na nyumba yao, yenye shamba la muhogo mbele na kichaka nyuma, ilikuwa kubwa ghafla. Mtoto aliogopa kukaa chumba kimoja na mamake yuko chumba cha pili. Basi Mwanatabu akawa anakoroga uji huku anaita, "Jalila!" na mtoto huko aliko, "Abee!" Hakuwa na la kumwagiza. Alitaka kujua kwamba mtoto yupo, na mtoto naye alitaka kujua kwamba anatafutwa. Miaka ikaenda, woga ukaisha, ila mwito na kiitikio chake vikabaki. Sasa Jalila alikuwa amemaliza kidato cha nne, kimo kampita mamake, na bado haikupita asubuhi katika nyumba ile bila ya jina lake kuitwa na kuitikiwa.

Mambo yaliharibika Abdulghani alipokuja kutoka Tanga.

Abdulghani alikuwa kaka yake Mwanatabu, baba mmoja mama mmoja. Mtu mrefu, mkavu, ndevu za mvi, mwendo wake hausikiki hata kwenye majani makavu. Kazi yake huko Tanzania alikuwa mwindaji bingwa. Jina hilo ni la leseni, si la kujigamba: ni mtu anayeruhusiwa na serikali kuwaongoza wageni wanaokwenda kuwinda kwenye vitalu vilivyotengwa, awatafutie mnyama anayeruhusiwa, awazuie wasiguse asiyeruhusiwa, na jioni awarudishe kambini wazima. Kenya kazi hiyo haipo. Uwindaji ulipigwa marufuku kabla hata Mwanatabu mwenyewe hajazaliwa. Ndiyo maana Abdulghani alipokuja kupumzika kwa dada yake, kabla ya msimu kuanza, hakuja na bunduki. Alikuja na halua, na miguu isiyojua kutulia.

Kila alfajiri baada ya sala alizunguka kichaka kile cha nyuma, na Jalila nyuma yake. Msichana huyu tangu utotoni ndiye aliyekuwa akitafutia mtaa mzima mbuzi waliopotea. Angetazama chini, ashike kiuno, aseme, "Amepita hapa, na mguu mmoja wamuuma," na kweli mbuzi angepatikana anachechemea. Watu walicheka, wakampa embe, wakasahau. Mjomba wake hakucheka. Alimwuliza alijuaje, akakaa chini kumsikiliza.

Hata siku moja, chai iko mezani, Jalila akasema, "Mama, chuo sitaki. Nataka niende na Mjomba nikajifunze kazi yake."

Mwanatabu alicheka kwanza, kisha akaona hakuna mwenzake anayecheka. Kwani chuo kilikuwa kimekwisha kupatikana! Chuo cha mjini, kozi ya mapokezi ya hoteli. Akilini mwake Mwanatabu alikwisha kumwona mwanawe Nyali, nyuma ya meza ndefu inayong'aa, kitambulisho kifuani, anawaambia Wazungu karibuni. Alikwisha hata kuwaambia majirani, na hilo ndilo gumu kulirudisha.

"Kazi ya kuwinda?" akauliza.

"Ya kuongoza wawindaji."

"Mwanamke?"

"Wanawake wako," Abdulghani akaingilia. "Si wengi, lakini wako. Ataanza kwa kufuata nyayo, miaka kadhaa, chini yangu. Baadaye mtihani. Akipita, apewa leseni yake. Na karatasi hazitamsumbua, si ulikuja kumzalia kwetu Duga, huko huko Tanzania?"

"Na chuo je?"

"Chuo si alihitimu? Pilau ya khitima yake nilikula mimi mwenyewe."

"Kaka, usinifanyie mzaha! Sisemi chuo cha Kurani, nasema chuo cha mjini!"

"Ala! Nilidhani chuo ni kimoja," akasema Abdulghani, akajitia kupuliza chai ambayo ilikwisha kupoa.

Mwanatabu alimtazama binti yake. Alitaka kuona ukaidi ili apate cha kugombeza, lakini Jalila alikuwa ameinamisha kichwa kwa adabu zake zote.

"Bila ya radhi yako mama, siendi popote," Jalila akasema. "Ukisema la, naenda chuo, na sitakununia. Lakini nataka uniambie kwa moyo wako."

Mwanatabu akasema atafikiri. Kwa Mwanatabu, kufikiri maana yake ilikuwa la, na wote watatu walilijua hilo.

"Hata mimi sijasema namchukua," Abdulghani akaongeza. "Kwanza nitamjaribu."

Jaribio lenyewe lilikuwa hivi. Ndani ya kile kichaka mna makaburi ya wazee wa mumewe Mwanatabu, na kwa heshima ya makaburi hakuna aliyewahi kukikata, hivyo kundi dogo la kanga lilikuwa limesalia humo, ndege wa manyoya ya madoadoa, wenye akili na woga mwingi. Abdulghani alimwambia Jalila asimguse hata mmoja, maana huku hata kumrushia jiwe ni makosa. Ajongee tu. Ajongee mpaka asikie kucha zao zikichakura majani, kisha arudi amwambie yupi kati yao anayelinda wenziwe. Kanga wakila, mmoja hali. Huyo mmoja, akikuona, wote wameruka.

Asubuhi ya kwanza Jalila aliondoka jua halijapata nguvu. Alikwenda kwa magoti, kwa viwiko, kwa tumbo. Mjomba wake, aliyejibanza nyuma ya mwembe, baadaye alisema hajapata kuona mtu asiyefundishwa akijongea vile. Alikaribia kiasi cha kusikia kucha. Bado kidogo tu amwone mlinzi. Na hapo Mwanatabu, aliyekuwa jikoni anachambua mchele na hajui lolote, akapaza sauti kama alivyoipaza kila siku ya Mungu.

"Jalila!"

"Abee, mama!"

Kichaka kizima kikalipuka. Kanga wakaruka kwa makelele kama masufuria yaliyoanguka, na Jalila akasimama katikati ya majani, mkono mdomoni, macho yamemtoka.

Abdulghani alirudi nyumbani akaketi mkekani. Hakukasirika, na afadhali angekasirika.

"Huyu umemlea vizuri mno, Mwanatabu," akasema. "Umeniharibia."

"Kosa langu tena? Nimemwita mwanangu nyumbani kwangu!"

"Si kosa lako. Nisikilize." Alivua kofia, akaiweka gotini. "Nilikuwa na kijana wangu mmoja, mfuata nyayo. Siku hiyo tulikuwa nyuma ya nyati aliyejeruhiwa, kwenye majani marefu kuliko wewe. Kijana alikuwa mbele. Mgeni akashikwa na woga, akamwita kwa jina, kwa sauti. Na yule kijana alikuwa na malezi kama haya ya kwako. Akaitika, 'Naam!' Nyati alikuwa karibu naye kuliko sisi." Akatazama mikono yake. "Nilimrudisha kwao mwenyewe. Mamake nilimwambia mwenyewe."

Mwanatabu akajikuta ameushika ukingo wa mkeka. "Basi mwanangu haendi!"

"Akiwa ni wa kuitika, haendi. Simchukui, wallahi, hata unilipe. Lakini akiweza kusikia sauti anayoipenda kuliko zote na akanyamaza, namchukua. Jumamosi narudi. Tutajaribu mpaka hapo."

Hapo ndipo shetani alipoingia. Mwanatabu alikuwa mwanamke mwema, naapa, anayewapelekea majirani futari kabla ya kujitilia yeye. Lakini mama mwenye mtoto mmoja usimwachie ufunguo mkononi. Alielewa pale pale kwamba hakuwa na haja ya kusema la. Hakuwa na haja ya kugombana na kaka yake wala kumvunja mwanawe moyo. Alichohitaji ni kuita tu.

Asubuhi iliyofuata, alipokisia kwamba Jalila amekwisha kufika karibu na kanga, akasimama mlango wa nyuma.

"Jalila! Kibiriti kiko wapi?"

"Abee, mama! Kiko juu ya kabati!"

Kanga wakaruka.

Siku ya pili yake ilikuwa ndoo, siku nyingine ufagio. Kila siku alikuwa na kitu kilichopotea, na kila siku Jalila alirudi amelowa umande, magoti yamechubuka, akaenda akakitoa kitu pale pale kinapowekwa siku zote. Hakulalamika. Alisema, "Hiki hapa, mama," akapuliza moto, akaandaa chai. Mjomba mtu alimtazama dada yake kwa jicho la pembeni, naye Mwanatabu akajitia hamnazo, akawa anaimba kasida taratibu.

Aliyemfumania ni Kache. Huyu alikuwa jirani wa upande wa juu, Mgiriama, mama mnene mwenye kicheko cha kusikika barabarani, na bintiye Josephine alikuwa chuo kikuu Nairobi. Alikuja kuomba moto, akamkuta Mwanatabu mlangoni anaita kwa nguvu zake zote, "Jalila! Kibiriti mbona sikioni?"

"Mama Jalila," Kache akasema, "si hicho umekishika mkononi?"

Mwanatabu akakificha ndani ya leso yake, jambo la kijinga, kwani kilikwisha kuonekana. Kule nyuma ya nyumba ikasikika abee, na baada yake mabawa.

Kache hakucheka. Alijiketisha kwenye kibao cha mbuzi cha kukunia nazi, akataka aelezwe, na Mwanatabu, kwa kuwa alikuwa amechoka na uongo wake mwenyewe, akamweleza yote. Nyati na mengine.

"Nimzuieje?" akamalizia. "Nikimwacha aende, nitamwita nani mimi humu ndani? Akienda chuo angalau kila jioni nitamsikia."

"Wangu mimi yuko chuo," Kache akasema. "Simu nikimpigia haishiki. Usiku aniandikia, 'Niko darasani, mama.' Darasa gani la usiku? Sisemi ni mtoto mbaya. Nasema chuo hakikuniwekea mtu nyumbani." Alipangusa majivu gotini. "Lakini hilo si kitu. Mimi naogopa jengine. Wewe wamwona huyu mtoto atatulia? Hata umfungie Nyali, siku moja ataenda. Ataenda na hii abee unayomzoesha kila asubuhi. Sasa akaitwa huko porini, akaitika, itakuwa ni nani aliyemfundisha?"

Kache alichukua kaa lake la moto akaenda zake, na nyuma yake maneno yale yakabaki yamemkaa Mwanatabu kooni kama mwiba wa samaki.

Alikuwa bado amekaa pale Jalila aliporudi. Msichana alikuwa na mkwaruzo mpya shavuni. Alinyosha mkono juu ya kabati, akapapasa, asikione kibiriti, akageuka. Mwanatabu akakitoa ndani ya leso na kumpa. Jalila alikipokea kwa mikono miwili. Hakuuliza.

"Ulijua," Mwanatabu akasema.

"Nilijua tangu siku ya ndoo, mama. Ndoo ulikuwa umeikalia."

"Mbona basi hukuniambia niache?"

Jalila alipiga magoti mbele ya jiko, akajishughulisha na makaa. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ndogo.

"Nitakwambiaje uache kuniita?"

Mwanatabu akamsogezea koleo la makaa.

"Najaribu kunyamaza," Jalila akaendelea. "Wallahi, kila siku najaribu. Naambia moyo, leo akiita sitajibu, ni kibiriti tu. Lakini ukiita, naona kama nikinyamaza nimekukana. Naona kama utakuwa umesimama pale mlangoni na nyumba yote tupu, kama vile wakati ule. Basi mdomo wajifungua wenyewe. Mjomba asema kweli, sifai. Nitakwenda chuo, mama, usijali. Nitajifunza kuwakaribisha Wazungu."

Alikuwa akitabasamu alipolisema hilo, na tabasamu lenyewe ndilo lililomwua Mwanatabu. Alimvuta, akamkumbatia, makaa na masizi na yote, na chai siku ile ilichelewa.

Adhuhuri akamfuata kaka yake, aliyekuwa kibarazani anashona kiatu.

"Kesho ni Ijumaa," akamwambia. "Kesho nitamwita mimi, na sitaitia mlangoni. Nitakuja mpaka kichakani. Mwambie najua ni jaribio, lakini nitamwita kweli."

Abdulghani akashusha sindano. "Kweli namna gani?"

"Kaka, nikimwita kwa mdomo tu, atajua ni mchezo, atanyamaza, na wewe utamchukua ukidhani ameweza. Huko porini hataitwa kwa mchezo. Nitamwita kwa roho yangu. Akiitika, basi Mungu hakuandika."

"Na asipoitika?"

"Usiniulize la asipoitika."

Usiku ule alilala kidogo. Alfajiri aliposali alikaa juu ya msala muda mrefu bila ya kujua aombe lipi. Kuomba mwanawe aitike alikuona ni kumwombea mabaya, na kuomba anyamaze hakuweza, mdomo ulikataa. Mwisho alisema tu, "Mola wangu, wewe wajua," akakunja msala, akajitanda, akatoka.

Njia ya kuingia kichakani ni nyembamba, wanaipita wanawake wanaokwenda kuokota kuni. Mwanatabu alikwenda mpaka jua likawa halimfikii tena kichwani. Palikuwa na ubaridi na harufu ya majani yanayooza. Hakumwona kaka yake, hakumwona mwanawe. Akasimama.

"Jalila!"

Kimya. Mahali fulani ndege mdogo alitoa sauti, akanyamaza na yeye.

Hii ilikuwa mara ya kwanza tangu kufiwa kwake kuliita jina lile na lisirudi. Alijua ni jaribio. Alilitaka mwenyewe. Lakini sikio halijui hayo, sikio lilibaki limejitega, likingoja kilichozoeleka.

"Jalila, mwanangu!"

Kimya.

Sasa mawazo yakaanza kumjia ovyo. Labda hakusikia. Labda nyoka amemwuma, yuko chini povu mdomoni, na mimi nimesimama hapa nafanya michezo. Labda hayumo humu kabisa. Alipiga hatua mbili mbele, leso ikanasa kwenye mwiba, akaivuta ikachanika. Akaiona nyumba yake itakavyokuwa kuanzia Jumamosi: sufuria la mtu mmoja, mlango wa nyuma, yeye amesimama hapo, na jina limejaa mdomoni halina pa kwenda. Alidhani alikuwa amekwisha kulifikiria hilo, kumbe hajalifikiria kamwe.

"Jalila!" Safari hii sauti ilimkatika katikati, ikatoka ya yule mjane wa zamani. "Jalila, mama yako naogopa!"

Huo haukuwa mchezo, na kila kiumbe kilichokuwamo mle kilijua haukuwa mchezo.

Hakujibiwa.

Mwanatabu alifunika uso kwa viganja. Alipoviondoa ndipo alipomwona. Jalila alikuwa karibu naye kiasi kwamba angenyosha mkono angemgusa kichwa. Alikuwa amepiga magoti chini ya kijiti, majani yamemfunika mabega, na alikuwepo pale muda wote huo. Ncha ya mtandio wake ilikuwa imejaa kinywani, ameiuma kwa meno, na machozi yalikuwa yakimtiririka mpaka shingoni. Lakini hakuna jani lililotikisika.

Walitazamana. Mwanatabu hakuwa amewahi kupendwa namna ile, akaitambua mara moja, wala hakuwa na shaka nayo.

Jalila aliinua kidole kimoja polepole, akakielekeza mbele. Mwanatabu akafuata kidole. Mwanzo hakuona kitu, kisha akaona majani yakirushwa, kisha madoa, kisha kanga, kundi zima, wanachakura na kula kama kwamba hakuna mwanadamu duniani. Sauti yake haikuwashtua. Siku zote hizo alizokuwa akiita kutoka nyumbani, walikwisha kumzoea, kwao alikuwa kama jogoo wa jirani. Pembeni, juu ya kichuguu, mmoja alisimama peke yake. Shingo ndefu, kichwa kinageuka huku na huku. Huyo hakula.

Mwanatabu alishuka chini taratibu, magoti yakalia, akakaa juu ya majani majimaji kando ya binti yake. Hakupata kukaa kimya kiasi kile maisha yake yote. Mbu alimtua shingoni akamwachia. Aliyatazama macho ya Jalila yakimfuata yule mlinzi, yalivyotulia sasa, yalivyojua mlinzi atageuka lini kabla hajageuka. Aliyaona macho ya mtu aliye kazini kwake. Nyuma ya meza ya Nyali yasingekuwa haya.

Akapitisha mkono kwenye mgongo wa mwanawe. Alikusudia kusubiri. Alikusudia watoke kichakani kwanza, wafike nyumbani, amkalishe mkekani na aseme maneno yale kwa utaratibu wake, kaka yake awe shahidi. Lakini moyo ukijaa hauulizi pahali.

"Nakuwia radhi, mwanangu!" akasema, tena kwa sauti yake kamili. "Nakuwia radhi ya duniani na akhera! Nenda na mjomba wako. Na huko uendako, mtu akikuita usiitike. Hata nikiwa ni mimi, usiniitike. Wanisikia? Nyamaza, urudi!"

Jina la Jalila kanga walilizoea, maneno haya hawakuyajua; wote wakaruka kwa mpigo mmoja, mabawa yao yakawapulizia vumbi na manyoya usoni. Jalila alimwangukia mamake mapajani, akautoa mtandio kinywani, akalia kwa kwikwi kama mtoto mdogo. Mwanatabu naye akalia, huku anamtoa majani kichwani, moja moja.

Abdulghani akatoka nyuma ya mti, anajipangusa magoti.

"Mtoto amepita," akasema. Macho yake yalikuwa mekundu, akayasingizia vumbi. "Lakini wewe dada, nisingekuchukua hata kupika."

"Nani amekwambia naja?" Mwanatabu akamjibu, akapenga kamasi na ile leso iliyochanika. "Na kanga alindaye ni yule wa kichuguu. Haya, nimekutajia na mimi. Sasa ondokeni tukanywe chai."

Akasimama, akatangulia kwenye ile njia nyembamba ya kuni. Kaka yake alimfuata, na Jalila akaja wa mwisho. Mwanatabu alitega sikio kusikia hatua za mwanawe nyuma yake, asisikie hata moja, jani wala kijiti. Hakugeuka, wala hakuita.